Jora la Kuku wa Njano

Tarsisi alikuwa mtu wa kupenda kupendeza, tusimfiche. Kule machimboni Rwamgasa, wenzake walimaliza wiki nzima na kaptula moja iliyokauka udongo mwekundu, na hakuna aliyejali. Yeye, jua likianza kushuka, alikuwa ameshatoka kwenye duara, lile shimo la kuchimbia dhahabu, ameoga, amejipaka mafuta, amevaa suruali ya bugaluu iliyopigwa pasi ya mkaa na viatu vya raizoni vya soli nene. Kisha alikwenda kukaa kwa Bhoke kunywa chai, mguu juu ya mguu. Ukimwona usingeamini kwamba mchana kutwa alikuwa chini ya ardhi anagonga mawe.

Bhoke alikuwa mama wa Kikurya kutoka Tarime, akiwapikia wachimbaji ugali na chai, na mdomo wake haukuwa na breki. Jioni moja ya mwezi wa kumi na moja, mwaka 1982, alimwekea Tarsisi kikombe mbele yake na kumuuliza bila hata kukaa:

"Krismasi hii unakwenda kwenu Ushirombo, au unaogopa?"

"Niogope nini, dada Bhoke?"

"Unakijua unachokiogopa. Si ulinihadithia mwenyewe ile habari ya kiberiti?"

Tarsisi aliinamisha kichwa. Habari ya kiberiti ilikuwa hivi. Krismasi iliyopita alishuka Ushirombo na miwani ya jua, suruali mpya, shati jipya na redio kaseti begani, na kijiji kizima kilitoka kutazama. Mama yake alipata kipande cha sabuni. Shangazi zake walipata salamu. Mama mkwe wake, yaani mama yake Philomena, yule ambaye kijiji humwita Mama Donatus, alipelekewa kiberiti kimoja. Tena kimefunguliwa! Tarsisi alikuwa ameshawashia sigara zake njiani.

 Mama Donatus alikipokea, akakiweka juu ya rafu. Lakini mwezi wa pili Philomena alipokwenda kwao kumsaidia mama yake palizi ya karanga, wiki mbili zilipita, ikaja ya tatu, na mke hakuonekana. Tarsisi alipotuma mtu kuuliza, jibu likarudi kupitia kwa Donatus, shemeji yake: "Mama anasema, siku ukijua kwamba duniani kuna watu wengine zaidi yako, utakuja kumchukua mkeo. Kabla ya hapo usijisumbue."

Sasa ilikuwa miezi tisa, na Tarsisi alimkumbuka mke wake mpaka chakula kikawa hakishuki. Alikumbuka anavyocheka akiwa amefumba mdomo kwa kiganja. Alikumbuka hata anavyomgombeza. Redio aliiuza mwezi wa sita, maana kila akiifungulia alisikia nyumba ilivyo tupu.

"Nitapeleka zawadi," alisema. "Kubwa. Lakini dada, madukani hakuna kitu. Ukipanga foleni toka alfajiri unaambiwa leo kuna dawa ya viatu tu."

"Nani kakwambia kubwa?" Bhoke alivuta kigoda, sasa akakaa. "Hebu niambie, mama yako ana shida gani?"

Tarsisi alifikiri. Ajabu ni kwamba ilibidi afikiri. "Miguu. Anatembea peku, visigino vimepasuka."

"Basi kandambili. Shangazi zako?"

"Sabuni. Kila mtu ana shida ya sabuni."

"Mche mmoja unatosha. Kata kwa uzi, kila mmoja kipande, funga kwenye karatasi safi. Wataimba. Shemeji yako?"

"Redio yake imekufa betri tangu Pasaka."

"Umeona? Betri mbili. Na wakwe zako na mkeo?"

"Nguo," alisema Tarsisi, na safari hii hakufikiri. "Philomena aliondoka na gauni moja la maana. Na yule mama mwingine... naye hana."

Hakulitaja jina. Huko kwao Wasumbwa mkwe hamtaji mama mkwe wake, hali naye sahani moja, hakai mkeka mmoja naye, na wakikutana njiani mmoja anaingia porini mpaka mwenzake apite. Bhoke alilielewa hilo, maana ukwe ni ukwe hata kwa Wakurya.

"Sikiliza mdogo wangu," alisema. "Mwaka jana ulianza na wewe mwenyewe. Mwaka huu uwe wa mwisho kabisa. Ukiweza, usiwepo kwenye hesabu."

Mungu si Athumani. Wiki mbili baadaye alipita mfanyabiashara mmoja mwenye njia zake za kutokea Burundi, na chini ya magunia ya mihogo alikuwa na jora zima la kitenge: rangi ya bluu, na kuku wa njano waliotapakaa kila mahali, majogoo na matetea, wote wametanua mabawa. Tarsisi alitoa dhahabu yake yote ya miezi mitatu, akatupia na viatu vya raizoni juu yake. Ndiyo, raizoni! Bhoke alipomwona anarudi peku na jora begani, alicheka mpaka akamwaga chai.

Alifika Ushirombo siku nne kabla ya Krismasi, juu ya lori la mbao, akiwa na jora, kandambili, mche wa sabuni, betri, na nusu gunia la dagaa wa Chato. Moja kwa moja alikwenda kwa fundi Ansgar, ambaye alikuwa amezungukwa na vitambaa vya watu mpaka cherehani yake haionekani.

"Gauni la mama yangu," Tarsisi alianza. "Magauni matatu ya shangazi. Watoto wa kaka, sita, wa kike na wa kiume. Gauni la Philomena, la marinda, vipimo vyake unavyo. Na gauni na kilemba cha mama mmoja mtu mzima, mfano wake ndio huu." Akatoa gauni kuukuu lililoviringishwa kwenye gazeti, ambalo Donatus alikuwa amelichomoa kwao kimyakimya na kumtumia.

"Mama gani huyu?" Ansgar aliuliza, sindano mdomoni.

"Mama mmoja tu," alijibu Tarsisi. Angejibu nini? Jina hatamki.

Ansgar naye hakuwa na muda wa upelelezi. Alikanyaga cherehani siku tatu, macho yakawa mekundu. Siku ya tatu alipomkabidhi mzigo alinyoosha kipande kilichobaki juu ya meza, akakipima kwa dhiraa. "Limebaki shati, bwana. Nikushonee? Kola ndefu, mifuko miwili na vifuniko vyake."

Jamani, hapa ndipo penyewe. Mtu aliyekuwa amefanya vizuri toka mwezi wa kumi na moja! Maneno ya Bhoke yalimjia, lakini Tarsisi akayajibu kichwani: kila mtu ameshapata, mimi ndiye wa mwisho, si ndivyo alivyoniambia? Na macho yake yalikuwa yameshaiona ile kola.

"Mifuko mitatu," alisema.

Tarehe ishirini na nne mchana Donatus alipeleka vifurushi kwao. Alirudi jioni, redio yake ikiimba kwapani.

"Shemeji, umefanya mambo! Philomena amelivaa palepale, amezunguka nyumba mara tatu."

"Na yeye je? Mkubwa?"

"Amelipokea, amelipapasa, akaniuliza, 'Limetoka kwa nani hili?' Nikamwambia.  Kisha akasema atalivaa kesho misani. Na akasema hivi: 'Mwambieni na yeye aje misa ya saa nne. Baada ya misa nitatoa jibu.'"

Usiku ule Tarsisi hakugeuka hata mara moja, asije akalikunja shati lililokuwa limetandazwa kando yake.

Asubuhi ya Krismasi barabara ya kwenda misheni ilikuwa imejaa kuku. Mama yake Tarsisi mbele, kandambili zinapiga pwata-pwata, anasimama kila hatua kumi ili watu wazione. Shangazi watatu nyuma yake. Watoto sita wanakimbizana, kuku kwa kuku. Watu wakapiga kelele kutoka viambazani: "Tarsisi, umefungua banda leo?" Na yeye katikati, kola imesimama, mifuko mitatu, anawapungia mkono kushoto na kulia. Alikuwa na furaha ambayo hajawahi kuipata. Hata na redio kaseti begani hakuwahi kuipata.

Walipofika uwanja wa kanisa, akaona kwa mbali, upande wa pili, watu wa ukoo wa mkewe wakija. Philomena na marinda yake. Donatus na shati lake la siku zote. Na nyuma yao, taratibu, mwanamke mnene wa heshima, gauni la bluu mpaka miguuni, kilemba kirefu, na kuku wa njano kila mahali.

Tarsisi akatazama kuku wale. Kisha akatazama chini, kifuani pake. Jogoo mmoja, ametanua mabawa, yuleyule.

"Mayu wane! Mama yangu!" alisema kwa sauti.

Nguo moja! Yeye na mama mkwe wake, jora moja, fundi mmoja, siku moja, mbele ya parokia nzima! Mtu asiyeruhusiwa hata kukaa mkeka mmoja na mama yule, leo wamejifunika kitambaa kimoja kama maharusi wa sare. Jasho lilimtoka. Mama yake mzazi naye akawa ameona, akashika mdomo. Kukimbia? Baada ya misa kuna jibu, na asiyekuwepo jibu lake linajulikana. Kuingia hivyohivyo? Bora afe. Na Mama Donatus alikuwa anakaribia, hatua kwa hatua, macho chini kama ukwe unavyotaka.

Tarsisi alichomoka mbio, akazunguka nyuma ya mnara wa kengele, akampigia Donatus mluzi.

"Shemeji, vua shati!"

"Nini?"

"Vua! Wewe ni mwanawe, wewe ukivaa si kitu. Haraka, kabla hajainua macho!"

Donatus alitazama shati la mifuko mitatu, akatazama la kwake, wala hakubishana. Yeye alikuwa mwembamba na mfupi. Shati lake lilimfikia Tarsisi juu kidogo ya kitovu, mikono ikaishia kwenye viwiko, na mgongoni lilikuwa na kiraka cha gunia la sukari, maandishi yakisomeka vizuri kabisa. Kwa shati hilo Tarsisi, mwanamume mtanashati kuliko wote kuanzia Ushirombo mpaka Geita, aliingia kanisani.

Hakupata hata pa kujificha. Wale aliowapungia mkono barabarani sasa walipigana viwiko, na watoto wakasoma kiraka kwa sauti. Alikaa nyuma kabisa, kwenye benchi la watoto wachanga na mama zao, akivuta shati chini kwa mbele, likipanda kwa nyuma. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Wakati wa sadaka ilibidi apite katikati, kwenda na kurudi. Alipita.

Misa ilipokwisha alisimama nje, mbali, kando ya ukuta. Mama Donatus akatoka. Hakumtazama, hata kidogo. Alikuja hatua chache, akampa mgongo, akasimama akitazama miti, na akasema na binti yake kwa sauti ambayo hata waliokuwa barabarani waliisikia:

"Philomena, kusanya vitu vyako."

Tarsisi alijiegemeza ukutani.

"Kuna mtu hapa nimemwona toka kule njiani, kabla hajaniona," aliendelea mama yule akiiambia miti. "Alikuwa amependeza. Nikasema, haya, tutaona leo. Sasa angalia alivyo. Hana shati. Mtu wa namna hiyo hawezi kuachwa akaishi peke yake, atachekwa. Nenda nyumbani kwako."

Philomena alifumba mdomo kwa kiganja, mabega yakimtikisika.

"Na mwambieni," alisema Mama Donatus, akianza kuondoka, "mwakani ajinunulie na yeye kitu. Nimeruhusu. Ila isiwe nguo ya kuku."

Uwanja mzima ulicheka, na Tarsisi alicheka mpaka kifungo cha shati la shemeji kikaruka.

Saa kumi walikuwa njiani wawili, Tarsisi amebeba furushi la mkewe kichwani, jambo ambalo kijiji kililizungumza mpaka Pasaka. Walipofika, nyumba yao ya kijijini ilikuwa baridi. Philomena aliinama mekoni, akaweka kuni vizuri, kisha akafungua pindo la kitenge chake na kutoa kitu.

"Mama kakuletea zawadi yako," alisema. "Mwaka huu ulisahauliwa."

Kilikuwa kiberiti. Tarsisi alikijua mara moja, hata ile kona aliyoiuma kwa meno akiwa juu ya lori mwaka jana. Alikifungua. Njiti zilikuwa vilevile alivyoziacha.

"Hakutumia hata moja?"

"Hata moja. Mwaka mzima tumeomba moto kwa jirani. Nilimwambia, mama, kiberiti si kile pale? Akasema kile si chetu, kina mwenyewe, siku moja atakuja na akili zake nitamrudishia." Akasogea pembeni kumpisha. "Haya, Baba Kiraka. Washa."