Kichwa Tulichokipeleka Midrand

Mwaka 2017 nilikuwa na kiti katika saluni moja ya Yeoville, Johannesburg, kiti cha pili kutoka mlangoni, na hicho cha pili kilikuwa bora kuliko cha kwanza. Wa kwanza hupigwa na baridi ya Julai na vumbi la barabara. Wa pili hupata wateja waliokwisha kuingia na kuona aibu kutoka. Shule niliiacha mwaka wa pili wa sekondari, mama alipomfuata baba kaburini, nikawalea wadogo zangu kwa vidole hivi, kwanza Bukavu, Kongo, kisha huku. Ninasuka. Sijawahi kuona haya kulisema.

Mwaka huo akaletwa kwetu mwanamke wa Kilatina, Mdominika, aliyeolewa na mtu wa Johannesburg. Kwao, Santo Domingo, alikuwa na saluni yake na wasichana waliomwita bosi. Kwetu alishika fagio na kuosha vichwa, kwa sababu hakujua kusuka, na Yeoville asiyejua kusuka ni kama mpishi asiyejua kuwasha moto. Wateja walimpenda, lakini kwa jambo jingine.

"Wewe ni wa kule wanakocheza," walimwambia. "Tufundishe basi!"

"Mimi? Mume wangu hunicheka nikicheza," alijibu. "Mimi ni mtu wa nywele."

Tuliongea Kiingereza cha kuokota. Palipokosekana neno mimi nilitia Kifaransa, yeye Kihispania, tukakutana katikati. Aliniita jefa, yaani bosi, kwa utani, kwa kuwa mimi ndiye niliyemwonyesha fagio lilipo.

Siku moja alinyoosha nywele zake mwenyewe kwa rola kubwa alizokuja nazo kutoka kwao, akakaa chini ya mashine ya kukausha, kisha akazipitisha brashi na draya. Saluni nzima iligeuka kutazama. Nywele zilishuka kama maji. Nikamwambia, "Dada, wewe hapa unapotea. Mtaa huu si wako. Nenda Midrand, kwenye ofisi na wanawake wa viatu virefu. Huko ndiko wanakotaka hiki."

Akatafuta. Akapata saluni moja iliyohitaji mtu. Na hapa nieleze desturi yetu, maana ndiyo iliyotutia mashakani.

Katika saluni zetu mteja haambiwi hapana. Akitaka kitu usichokijua unamkalisha, unamwosha kichwa polepole, unamuuliza habari za watoto, na wakati huo umeshamtumia ujumbe mwenzako wa saluni ya jirani anayekijua. Anaingia kwa mlango wa nyuma kama ndugu aliyekuja kusalimia, anafanya kazi, mnagawana. Mteja anatoka anang'aa. Kwetu huo si uongo, ni ujirani.

Basi yule mwenye saluni alipopiga simu, nilikuwa nimesimama karibu.

"Rola, rangi, vizuri," ilisema sauti. "Na kusuka je, unasuka?"

Mwenzangu akanitazama. Mimi nikatikisa kichwa juu chini mpaka shingo ikauma.

"Ndiyo," akasema.

Nilipowasimulia nyumbani, mdogo wangu wa mwisho, aliyekulia hapa na kuzoea kunijibu kwa Kizulu, siku hiyo alichagua Kiswahili ili nimsikie vizuri: "Yaya," akaniita, kama kwetu tunavyomwita dada mkubwa, "na huko Midrand mlango wa nyuma utaukuta?"

Nilimtupia taulo. Lakini usingizi haukuja upesi. Mume wa rafiki yangu alikuwa amemtafutia kazi ya kufunga maboksi kwenye ghala, aanze juma linalofuata. Akikosa saluni hii, anaweka rola zake kabatini, na nilijua vitu vinavyowekwa kabatini huwa havitoki.

Kila aliyejaribiwa alitakiwa aje na kichwa chake, yaani mtu wa kumtengeneza nywele. Kichwa chake nilikuwa mimi. Tulifika mapema, tukaingia mahali palipokuwa na vioo virefu na harufu ya limau. Mwenye saluni alikuwa mama wa Kizulu, mrefu, miwani inaning'inia kifuani.

"Upande wa kushoto mistari," akasema, akigusa kichwa changu kama mtu anayechagua tikiti maji. "Wa kulia unyooke. Nataka kuona unajua yote mawili." Akaenda kupokea simu.

Mstari wa kwanza ulianza vizuri juu ya paji la uso. Ngozi ya kichwa haidanganyiki: nilisikia kitana kinasita. Kwenye kioo nikauona mstari ukipinda kabla haujafika utosini, kama mgeni anayeuliza njia. Mama bado alikuwa kwenye simu. Nikainua mikono.

"Lete kitana," nikanong'ona. "Nitasuka mwenyewe. Hatajua."

Akanishika vidole, akaviteremsha mapajani mwangu.

"Na Jumatatu, jefa? Utakuja nami kila siku ukae chini ya meza?"

Akaweka kitana chini, akavuka ile sakafu inayong'aa. Nilitamani kujifunika ile shuka ya saluni uso mzima.

"Mama," akasema, "mimi sisuki."

Simu ikashuka. "Uliniambia unasuka."

"Nilikuambia. Sisuki. Anayesuka ni huyu niliyemleta. Mimi ninanyoosha nywele kwa rola, na katika mji huu hakuna anayenishinda."

"Mji huu ni mkubwa."

"Nimeuona. Nimeufagia."

Mtu mmoja kwenye masinki akacheka. Mama hakucheka, lakini akavaa miwani. "Eish. Fumua huo mstari. Kichwa kizima, basi. Nione."

Kuanzia hapo sikuwa na wasiwasi tena, ingawa nilipaswa kuwa nao. Mikono yake ilibadilika. Alinigawa nywele kama mtu anayekata keki ya harusi, akazungusha rola moja baada ya nyingine, kila moja imekaza sawasawa, hadi kichwa kikawa kizito kama nimebeba mzigo wa soko. Nikakaa chini ya mashine, joto likinichoma masikio, nikamwona akipanga brashi zake bila kuharakisha. Kisha draya, brashi, draya. Maisha yangu yote nywele zangu nilizijua zikiwa zimesukwa au zimefungwa kitambaa. Siku hiyo ziliniangukia mabegani, na nilipogeuza kichwa ziligeuka nami. Nikacheka peke yangu kama mtoto.

Mteja mmoja aliyekuwa na karatasi za kutilia rangi nywele kichwani akainuka kwenye kiti. "Huyu ni nani? Nataka hiyo."

Mama akapitisha vidole, akanusa, akatazama ncha.

"Sharp," akasema, yaani safi. "Utaanza kwenye masinki. Miezi mitatu. Halafu tutaona."

Mimi ningepiga magoti nishukuru. Nilishaanza hata kutabasamu kwa niaba yake.

"Masinki nimeyafanya mwaka mzima," akasema rafiki yangu. "Nipe kiti."

Nikamfinya mkono. Akanifinya na yeye, kwa nguvu zaidi. Mama akavua miwani, akaifuta polepole, hata yule wa karatasi za rangi akaacha kutafuna chingamu yake.

"Kile cha dirishani," akasema hatimaye. "Mwenyewe amekwenda kujifungua. Akirudi, tutazungumza tena, mimi na wewe. Jumatatu usichelewe. Na huyu wa kusuka aache namba yake mapokezi."

Tulitoka kwa mwendo wa heshima. Heshima hiyo ilifika hadi mlango wa kioo. Kwenye maegesho alitupa mkoba chini, akanishika kiuno, akaanza kunizungusha kati ya magari huku akipiga kelele kwa Kihispania, na kwa kweli mume wake hakukosea, hajui kucheza kabisa. Akanikanyaga. Nami nikamkanyaga.

Mlinzi akatujia mbio, redio mkononi, na nilipomsikia anaguna kwa Kiswahili cha Kongo nikajua ni wa kwetu.

"Akina dada, muna nini? Hapa ni maegesho, si kanisani!"

"Kaka, amepata kiti!"

"Kiti gani?"

"Cha dirishani!"

Akatazama juu, dirishani, kisha akamtazama yule mgeni anayeruka, akauona mkoba wake ulioanguka, akauokota, akaupangusa vumbi. "Félicitations, mama, hongera," akasema. "Basi endeleeni, lakini mupishe ile gari nyeupe."

Tukaipisha, tukaendelea.