Paa Wangu au Paa Langu

Dobi alikuwa mwanamke wa mwili, na hakuwahi kuuombea radhi mwili huo. Meza yake ya kupigia pasi ilikaa chumba cha mbele, chini ya dirisha, na mtaa mzima ulivaa mikunjo aliyoiweka yeye. Mumewe, karani wa stoo, alikuwa mtu wa maneno machache. Wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Cha karani kilikuwa kimya tu. Alikufa akiwa amemsifu mkewe mara moja, na sifa yenyewe iliihusu kola.

Mwaka mmoja baada ya mazishi, kioo cha kabati kililegea. Dobi na wifi yake, dada wa marehemu, walipokitoa, nyuma yake wakakuta karatasi iliyokunjwa. Ilikuwa picha ya wino ya mwanamke anayepiga pasi. Mgongo wake uliijaza karatasi ukingo hadi ukingo. Mdomo ameubinua kama anayepuliza chai ya moto. Makalio yalichorwa kwa mstari mmoja tu, mrefu, usio na haraka. Miguuni pake palikuwa na kitu kama paka.

Wifi alicheka mpaka akakaa sakafuni.

"Wifi, kaka yangu kakuchora kama lori lililokwama!"

"Lori hilo ndilo lililokulisha," dobi alisema.

Chini ya picha palikuwa na maneno mawili kwa mwandiko wa karani. La kwanza lilikuwa *Paa*. La pili lilianza kwa doa la wino, kisha *angu*.

"Paa wangu!" wifi akasoma. "Yule mnyama wa mbio! Ee Mungu, paa gani huyu? Akijificha kichakani, kichaka ndicho kinachojificha nyuma yake!"

Dobi alikaa. Miaka yote aliamini kuwa mumewe hakujua kusema. Sasa huenda alijua, ila alichokuwa nacho cha kusema kilikuwa kicheko. Ukimya aliuzoea. Kuchekwa ndani ya ukimya lilikuwa jambo jingine.

"Naichana," alisema.

"Ngoja kwanza nimalize kucheka."

Alipoiinua aichane, mwanga wa dirishani ulipenya karatasi, akaona vistari vyembamba vimeenea kote.

"Alikuwa anajaribu kalamu," wifi alisema.

Lakini anayejaribu kalamu hujaribia pembeni. Vistari hivi vilianguka kila mahali, vyote vikiinama upande mmoja, isipokuwa chini ya yule mwanamke. Pale palikuwa pakavu. Na pale pakavu, yule paka alikuwa na miwani.

"Ana masikio ya ukoo wenu," dobi alisema.

Wifi akasogeza pua. Yule paka alikuwa mtu mdogo, magoti kayakunja, kikombe mkononi, anasoma gazeti. Hakuguswa na tone hata moja.

"Mvua," wifi akasema polepole. "Basi si wangu. Ni langu. Paa langu. La nyumba."

"Nimeshasoma."

"Kumbe kaka alikuwa na maneno!"

"Alikuwa na moja. Akalimwagia wino."

Wifi alijifuta macho. Haikujulikana kama ni machozi ya kile kicheko au mengine. Dobi hakufuta kitu. Aliilaza picha mezani, akaifunika kwa kitambaa safi, akachukua pasi iliyokuwa vuguvugu.

"Wifi, utamuunguza kaka yangu!"

"Nimemnyoosha ndoa nzima," dobi alisema, akianzia kwenye mkunjo. "Hakuwahi kuungua."