Nilivyomlia Ugali Mgeni wa Barafuni

Mama, ningemuulizaje kama amefunga, na mtu mwenyewe Mzungu? Ndivyo nilivyojitetea jioni hii, lakini aibu haijaniisha.

Napika kwenye kambi ya watafiti, huku Ruvuma inapoingia baharini. Mgeni wetu kaja jana. Mwaka jana alikaa kambi ya barafuni, kusini kabisa mwa dunia. Anasema kule wanayeyusha theluji ndiyo wapate maji ya chai, na kiangazi jua halizami.

Leo mchana, Ramadhani hii, kaukataa ugali wangu wa muhogo. Nikaona anatudharau. Mimi Mkristo, nikaketi mbele yake nikala, nalamba vidole. "Mtamu huu, kaka! Au umezoea makopo?" Akatabasamu tu.

Adhana ya magharibi ilipotoka kijijini, akatoa tende mfukoni, akasema bismillahi. Mzee Saidi, mlinzi wetu, akapaliwa na uji kwa kicheko. "Binti, mwenzetu huyo!"

Nikamuuliza mgeni kwa sauti ndogo, kule jua lisipozama alifuturuje?

"Kwa saa za Makka, dada."

Kesho naamka kabla ya alfajiri nimpikie daku. Changu cha mchana nitakila jikoni, nimefunga mlango.