Pingili ya Saba

Mpiga picha za mifupa pale hospitalini hafugi ndevu. Anafuga ukucha mmoja wa kidole cha mwisho, na manesi wamechoka kumsema. Akishaweka picha ya shingo kwenye kioo chenye taa, huuteremsha huo ukucha pingili kwa pingili, midomo ikicheza kama ya bibi anayehesabu vifaranga. Shingo ina pingili saba. Hata twiga anazo saba, bisha ukitaka. Asipofika saba, hainuki mtu kitandani.

Siku alipoletwa fundi wa kuezeka, kaanguka toka juu ya paa na bado anadai aliteleza tu, daktari aliitupia picha jicho moja akasema safi, avuliwe kola ngumu inayoshikilia shingo aende zake. "Umesikia, babu? Nifungue, mabati yananingoja," fundi akamwambia mpiga picha. Ukucha ulikuwa umeishia sita. "Daktari, mimi nina sita. Ya saba imefunikwa na mabega." "Itakuwa nzima kama hizo nyingine." "Huenda. Ila sijaiona." Akamwambia fundi asitikise hata sikio. Nesi akamvuta mikono taratibu kuelekea miguuni, mabega yakashuka, picha ikapigwa upya. Tano, sita, saba. Hapo ukucha ukagoma: ufa mwembamba kama unywele, umekatiza mfupa. Daktari akainama, akaikaza kola kwa mikono yake mwenyewe. "Babu, umeipata?" fundi akauliza, sauti imepungua. "Nimeipata. Lala hivyo hivyo, mjukuu wangu. Mabati hayana miguu."