Steringi Aliyesema Haidhuru

Kabla sijaanza kutafsiri filamu sikuwa na kazi ya maana. Katika banda moja la video pale Nguvumali nilipewa kipaza sauti na kiti cha plastiki karibu na skrini, nikawa nawasemea Wazungu kwa Kiswahili chetu. Filamu za mapigano zilinipa mkate. Zilizonipa jina ni za vichekesho, hasa zile za steringi, yule mchezaji mkuu, mwenye nguvu za ajabu asiyejua kuzitumia: anaruka kumwokoa mtoto, anatua juu ya paa la watu, anazuia gari lisigonge ng'ombe, anang'oa na nguzo ya umeme.

Nilipoiona filamu ya namna hiyo kwa mara ya kwanza, yule mtu nilimjua. Alikuwa baba yangu.

Baba alistaafu uchukuzi bandarini akiwa na mabega bado mapana na mikono iliyozoea magunia. Kukaa bure hakuweza. Alinunua nyundo, misumari na bisibisi, akavitia katika mfuko wa kuning'iniza begani, akajitangaza fundi wa mtaa. Ukimwita akaze bawaba, mlango unabaki mkononi mwake. Jirani yetu mjane alimwomba amkazie bomba, akakaa siku tatu akiteka maji kwetu. Na kila alipoharibu kitu cha mtu, baba alitazama chini, akakohoa kidogo, akasema, "Haidhuru."

Kichekesho kilikuwa hapo. Neno hilo ni la mwenye kuvunjiwa. Ukinivunjia kikombe, wewe unaniomba radhi, mimi nakwambia haidhuru. Baba alivunja, kisha akajisamehe papo hapo kwa niaba ya mwenye mali. Watu walicheka na wakaendelea kumwita, kwa sababu alikuja kila alipoitwa, hata mvua ikinyesha.

Basi nikampa steringi neno la baba. Nikampa na sauti yake, na kikohozi chake. Steringi anabomoa ukuta wa benki, vumbi linatulia, mimi nakohoa: "Haidhuru." Banda zima lilicheka hadi machozi, wakataka irudiwe. Nilijiona hodari, nasema kweli, wala sikujiuliza kitu.

Haikuchukua muda neno likatoka bandani. Baba akipita na baiskeli yake, watoto waliozoea kumwamkia shikamoo wakamwambia, "Haidhuru, babu." Mara ya kwanza akaitikia "Marahaba" kwa mazoea, kabla hajasikia alichoambiwa. Mama ndiye aliyenisimulia. Yeye alidhani ni utundu tu wa watoto, nami sikumwambia walikolitoa.

Siku moja baada ya alasiri mwenye banda alimwita baba aje atengeneze benchi la nyuma lililovunjika mguu. Mimi sikuwa na habari. Mle ndani giza, madirisha yamezibwa kwa maturubai, nami nimewapa watu mgongo. Nilikohoa, nikalisema neno lile kwa madoido kuliko siku zote. Kicheko kililipuka mbele, lakini nyuma kikakatika ghafla. Niliendelea mpaka filamu ikaisha. Taa ilipowashwa nikaona benchi limesimama kwa miguu yake minne, na chini yake mfuko wa baba, mwenyewe hayupo.

Benchi lile halikutikisika tena. Nadhani ndicho kitu pekee alichokitengeneza kikatengenezeka.

Nilimpelekea mfuko nyumbani. Akasema, "Weka hapo," bila kuutazama, na hakuufungua tena. Watu walipomwita alisema mgongo unamuuma. Lile neno nalo hakulitamka tena. Nyumba ikawa kimya, milango yote mizima, na mimi niliyeizoea nyumba yenye kelele za nyundo nilishindwa hata kula pale.

Vichekesho niliacha kuvitafsiri. Kuomba radhi nilichelewa, kwa woga tu. Nilingoja mpaka baba akawa wa kitandani, miguu imevimba, sauti imekuwa ndogo. Ndipo nikapiga magoti kando ya kitanda.

"Baba, nilikuvunjia heshima mbele za watu. Niwie radhi."

Aliniwekea kichwani mkono wake ule mzito. "Nimekuwia radhi, mwanangu. Ya dunia na ya akhera."

Hilo ni jambo kubwa, na huku kwetu wapo waliowazika wazee wao bila kulipata. Nilipaswa kuinuka na kushukuru. Lakini nilibaki nimeinama, nikingoja neno lile. Safari hii aliyevunjiwa alikuwa yeye. Miaka yote alilitumia neno la wenzake, na sasa lilikuwa lake kwa haki. Nikamsikia anakohoa kidogo, kama alivyokuwa akikohoa zamani kabla ya kulisema, nikainua uso.

Akaomba maji.