Bastola Niliyoijaribu Diwali

Kama unataka kucheka, cheka sasa umalize, maana nikishaanza sipendi kukatizwa. Hili limenipata mimi mwenyewe, si shoga yangu wala shangazi wa jirani. Limetokea hapa hapa Mchafukoge, miaka ya ruksa, biashara ilipoachiwa huru, na watu walioniona jioni ile nikiwa na damu kwenye kanga wapo hai. Nenda kawaulize.

Mimi na mume wangu, Baba Zuhura, tulikuwa na duka la vifaa vya umeme. Duka mbele, nyumba nyuma. Mwanetu mmoja tu, Zuhura, ameolewa Tanga. Enzi zile bidhaa zilikuwa zinamiminika Kariakoo kutoka kila pembe ya dunia, na nyingi zilikuwa feki tupu. Kwa hiyo pale kaunta tulikuwa na ubao wenye holda za kujaribia. Unachagua balbu yako, naichomeka mbele ya macho yako, ikiwaka nakuuliza, "Umeridhika?" Ukisema umeridhika, basi, yamekwisha. Mali hairudi. Hata uje kesho unalia, balbu ni yako. Maduka yote yalikuwa hivyo, ila mimi nilikuwa mkali kuwashinda.

Ruksa ilituletea na majambazi vilevile. Muuza redio wa mtaa wa pili alikatwa mapanga jioni akifunga duka lake, akafa palepale kizingitini. Baba Zuhura, mtu mpole yule, hata mende alikuwa anamtoa nje kwa ufagio badala ya kumkanyaga, akaniambia, "Wakija wape, Mama Zuhura. Vitu vinatafutwa."

"Niwape vitu, halafu na wewe nikuzike?" nikamwambia. "Thubutu!"

Sikuwa nalinda balbu, nielewe vizuri. Nilikuwa namlinda yeye. Nilimpenda mume wangu, japo nilikuwa namfokea mchana kutwa.

Ghorofani kwetu alikaa sonara mmoja wa Kihindi, mtu wa makamo, anajiandaa kuwafuata wanawe ng'ambo. Alikuwa na bastola ya kibali, nikamwomba aniuzie. Tukaenda polisi, taratibu zote zikafuatwa, ikawa yangu kihalali kabisa. Nikamuuliza, "Inapiga hii?"

Akatazama pembeni. "Mama, mimi sijawahi kuipiga. Ilikuwa ya mtu kabla yangu."

Sasa mimi, mwanamke ninayejaribu hata balbu ya chooni, nitaweka kwenye droo ya kaunta kitu nisichokijua? Lakini utaijaribia wapi bastola katikati ya Dar es Salaam mji mzima usitaharuki? Nikasubiri Diwali. Wahindi wa mitaa yetu wakianza kupasua fataki jioni ile, hata kombora likilia hakuna anayegeuza shingo.

Jua lilipozama tu nikapanda juu ya paa. Mlango wa paa nikaufunga kwa komeo, kwa mkono wangu huu, naomba ulikumbuke hilo. Nilikuwa nimejaza magunia mchanga nikayapanga mbele ya ukuta wa tangi la maji, na juu yake nikasimamisha balbu zilizoungua. Huko chini fataki zinalia mtaa mzima, watoto wanapiga kelele, harufu ya baruti imejaa hewani.

Nikalenga. Kifyatulio kilikuwa kizito, nikakikaza kwa vidole viwili. Risasi ikaenda kushoto, ikatoboa tangi. Nikalenga tena, ikakwama. Nikaitikisa, nikaitukana mama yake. Nikalenga mara nyingine, kushoto tena, maji yakatiririka.

"Inatupa kushoto," mtu akasema nyuma yangu. "Na wewe unaikamua kama embe."

Niligeuka. Mwanamume wa makamo, kavaa suti ya kaunda iliyopigwa pasi vizuri, mikono nyuma. Najua utaniuliza miguu, watu wote huniuliza miguu. Sikuangalia miguu mimi. Nilidhani ni mgeni wa sonara, na nikamvaa palepale.

"Wewe baba, hata hodi hujui? Unamwibukia mwanamke hivi hivi?"

"Nisamehe, mama," akasema, mpole kweli. "Naijua tu hiyo bastola. Haipigi gunia. Tangu itengenezwe haijawahi kupenda kupiga vitu. Iambie kwanza unaitaka kwa ajili ya nani."

"Kwa majambazi. Kwa nani mwingine?"

"Jambazi ni nani? Yenyewe haimjui. Ieleze vizuri, kama unavyomweleza mteja."

Nilikuwa bado na hasira naye, bwana. Mdomoni nilikuwa na neno lilelile moja nililomfokea. Nikasema, "Kwa yeyote anayeingia kwangu bila hodi."

"Yeyote?"

"Yeyote!"

Akatabasamu. "Jaribu sasa."

Wallahi nilivuta taratibu tu, na balbu ya kwanza ikasambaratika. Ya pili, ya tatu, mpaka ya mwisho. Sikukosa hata moja. Mkono wangu ulikuwa mwepesi, nikaanza kucheka peke yangu kama mwendawazimu. Raha niliyoisikia pale juu sijawahi kuisikia tena.

"Umeridhika, mama?" akauliza.

Ulimi huu! Nikamjibu kama wateja wangu wanavyonijibu mimi. "Nimeridhika."

"Basi mali hairudi," akasema. Fataki kubwa ikapasuka mtaani, nikageuza uso kidogo tu. Kugeuka tena, hakuna mtu. Nikauendea mlango, komeo liko vilevile nilivyoliacha.

Nilimwambia mume wangu? Nilimwambia. Akaisogelea bastola, akainusa, akasema, "Irudishe kwa wenyewe, Mama Zuhura." Nikamwambia anaona wivu kwa sababu mkewe ana shabaha. Tukacheka, tukala.

Hazikupita siku nyingi. Jioni, adhana ya magharibi imeshaadhiniwa, Baba Zuhura kaenda msikitini, mimi niko kaunta na balbu zote za ubaoni zinawaka. Wakaja vijana wawili, wasafi, wamechomekea mashati.

"Hodi hapa! Mama, shikamoo."

"Marahaba wanangu, karibuni."

Unasikia? Walipiga hodi. Na mimi kwa kinywa changu nikawakaribisha.

Mmoja akaomba balbu, nikamchomekea, ikawaka. Nilipoinua macho, panga lilikuwa shingoni kwangu. Mwenzake akaanza kubeba maboksi. Nikatelezesha mkono kwenye droo, nikaitoa bastola, nikamwelekezea kifuani, karibu kiasi kwamba hata kipofu asingekosa. Nikavuta. Ta! Hakuna kitu. Nikavuta tena. Ta! Kifyatulio kinagonga tu.

Wakacheka. Wee, walicheka mpaka yule mmoja akaweka boksi chini. "Mama, hiyo si ya kuwashia jiko?" Akanizaba kibao, nikaenda chini na ubao wa taa. Wakabeba walichoweza, na wakati wa kutoka mmoja akasema, "Asante mama, usiku mwema." Adabu tele, mbwa wale.

Nikainuka, mdomo unavuja damu, bastola bado mkononi. Nikaigeuzia sakafuni, naitukana matusi ambayo siwezi kukurudia. Ndipo mlango wa nyuma ukafunguka.

Niambie wewe. Ni nani duniani anayeingia nyumbani kwako bila hodi? Jambazi hupiga hodi, mgeni hupiga hodi, hata mdai hupiga hodi. Asiyepiga hodi ni wako. Mume wangu hakuwahi kupiga hodi kwake hata siku moja, miaka yote ya ndoa yetu. Alivua makubazi yake uani kama kawaida, akaja mbio peku kwa sababu alinisikia nikipiga kelele.

Nilimwona. Usifikiri kulikuwa na giza, mgao wa umeme haukuwepo jioni ile na balbu mbili tatu zilikuwa bado zinawaka. Nilimtambua, nikataka kumwita. Mkono ukainuka wenyewe, mwepesi, kama kule juu ya paa. Haukwenda kushoto safari hii. Risasi ilimwingia chini tu ya ukosi wa kanzu, katikati kabisa.

Akanitazama. Akasema, "Ni mimi, mke wangu." Kisha akaanguka.

Polisi walikuja. Nikawaambia ni mimi, nifungeni. Wakaichukua bastola, mtaalamu wao akaikagua, wakaniambia pini ya kugongea risasi imeliwa na kutu, chuma hicho hakiwezi kupiga chochote. Wakaandika kwamba ni majambazi. Nililia niaminiwe, wakasema mjane amechanganyikiwa, mpeni maji. Sonara alishaondoka. Jela ningekuwa na wenzangu wa kuzungumza nao, huku nilibaki peke yangu na ule mlango.

Maana hujasikia bado. Tangu arubaini yake ilipopita, kila magharibi, mlango wa nyuma unagongwa. "Hodi," anasema. Sauti yake ileile ya upole. "Hodi, Mama Zuhura." Nyumbani kwake mwenyewe! Mtu ambaye hakuwahi kupiga hodi akiwa hai sasa anasimama uani, anangoja nimkaribishe. Nami natamani kumjibu mpaka kifua kinauma. Lakini nyuma ya sauti yake kuna mwingine, mpole vilevile, anauliza, "Umeridhika, mama?" Nikisema karibu, wataingia wote wawili. Zuhura alikuja mara moja, akasikia baba yake anabisha, akafungua mdomo aitikie. Nilimziba kwa viganja vyangu mpaka akaniuma. Hajaja tena tangu siku hiyo.

Kwa hiyo wewe, ukipewa silaha iliyopita mikononi mwa mtu usiyemjua, usiijaribu hata kwa utani, na usikubali mtu akuulize kama umeridhika. Na ukija kunitembelea jioni, pale mlangoni nimefunga kengele, ibonyeze. Usipige hodi. Ukipiga hodi nitakaa kimya humu ndani na taa nitazima, hata kama unachuruzika damu.