Kengele Zilizojazwa Nyasi

Kengele za ng'ombe zililia upande usio wake. Kila asubuhi kundi la mwenyeji wangu liliteremka mtoni. Asubuhi ile, nikiwa nimeshaondoka nyumbani kwake, mlio ulipanda kuelekea msituni, kwa haraka, kisha kengele zikanyamaza moja baada ya nyingine. Muda mfupi kabla ya hapo lilikuwa limepita gari la matangazo, likiwaalika wananchi wote kwenye mkutano wa kutoa maoni.

Nilikuwa Biharamulo kwa utafiti wa shahada ya uzamili, nikitathmini namna taasisi moja ya serikali inavyowashirikisha wadau kabla ya kuamua. Uamuzi uliosubiriwa ulikuwa kuifunga au kuiacha njia ya mifugo iendayo mtoni. Mwenyeji wangu, mama wa Kisukuma ambaye familia yake ilihamia kutoka Shinyanga, hakuwa na maji mengine ya kunyweshea. Jana yake tu alinitania mimi, Mhangaza wa Ngara, nilipokishika kibuyu cha maziwa kwa kusitasita.

"Kunywa, Mhangaza, hayaumi. Au mpaka tuyachanganye na ndizi?"

"Mama, kesho mkutanoni utasema?"

"Nitasema mpaka wazibe masikio."

Hakuja. Walikuja wakulima wachache. Mfugaji hakuonekana hata mmoja.

"Umejionea mwenyewe, dada," mratibu wa mkutano aliniambia. "Gari limepita, limetangaza. Wenzetu hawa hawana mwamko. Milango ya maoni iko wazi hadi wiki ijayo. Baada ya hapo, kimya ni ridhaa."

Nilirudi nikakuta boma tupu. Jiko lilikuwa bado linafuka moshi, na vigoda vimelizunguka vilevile tulivyoviacha. Langoni mwa zizi yalikuwa yameanguka mafungu ya nyasi mbichi. Jirani, mama mkulima, ndiye aliyenieleza.

"Wanazijaza kwenye kengele ili wasifuatwe. Gari la spika lililopita mara ya mwisho lilisema hameni. Waliochelewa, ng'ombe wao walikamatwa. Sasa nani angesimama kusikiliza hili linasema nini, hata kama alijua kuna mkutano?"

Maneno yale yalinirudisha Ngara. Nilipokuwa mtoto, gari la namna hiyo lilipita Lukole, kambi jirani na kwetu, kuwatangazia wakimbizi kwamba muda wa kurejea kwao umewadia. Bibi yangu, ambaye hakuwa mkimbizi na hakuhusika kwa lolote, alifunga mlango akatuketisha sakafuni hadi sauti ilipopotea. Baadaye tulipita kwenye vibanda vilivyokuwa na majivu tu. Kwa muda mrefu nilidhani spika ndiyo iliyowameza watu wale.

Namba ya mwenyeji wangu nilikuwa nayo. Sikuipiga. Nilijiambia kwamba mtathmini huangalia, haingilii. Kisha nikakiri kwamba hiyo haikuwa sababu. Niliogopa. Nikiwaita warudi, wakarudi, wakakutwa na lolote, nitakuwa na tofauti gani na lile gari? Na nisipowaita, njia itafungwa kwa ridhaa ambayo hakuna aliyeitoa. Niliyapima haya hadi usingizi ukanitoka, na kila nilipofumba macho niliona vile vigoda.

Nilichokuja kukielewa kilikuwa kidogo tu: sikulazimika kuwaita. Nilimfuata mratibu ofisini, nikamwomba akubali kwenda atakakoelekezwa na wafugaji, kwa miguu, bila gari na bila askari. Aliyahesabu majina machache kwenye orodha ya mahudhurio, kisha akasema, "Haya. Wao wapange."

Nikatoka nje, nikapiga ile namba. Iliita mpaka nikakaribia kukata.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia. "Uko na nani hapo?"

"Niko peke yangu."

"Na gari?"

"Hakuna gari. Mama, siwaiti mje. Chagua wewe mahali na siku. Mimi na mratibu tutakuja kwa miguu, mtuambie habari ya njia ya mtoni."

Nyuma yake ng'ombe alilia, lakini kengele haikusikika.

"Nitakwambia siku," alisema hatimaye. "Ila mje na viti vyenu. Vyetu tuliviacha."